Mwongozo Kamili: Kumshonea Mbwa Mvivu Mdoli Atakaoupenda na Usiomdhuru

Malalamiko yanayonifikia kuhusu mbwa na midoli ni ya aina tatu. Mtu wa kwanza alinunua dubu wa manyoya dukani, mbwa akamnusa mara moja na kurudi kulala. Wa pili ana mbwa aliyeupenda mdoli kiasi cha kuupasua kabla ya jioni na kumeza sehemu ya sufi iliyokuwa ndani. Wa tatu anasema mbwa wake alilala na mdoli kwa miezi kadhaa, akiuwekea kidevu kama mto, mpaka siku ulipofuliwa. Tangu siku hiyo hakuugusa tena.

Chanzo cha matatizo hayo yote ni kimoja. Mdoli huchaguliwa kwa macho ya binadamu, ilhali mbwa huutumia kwa pua na kwa mdomo. Mbwa anayeshinda amelala barazani hahitaji kitu cha kukimbiza. Anahitaji kitu laini cha kubeba kutoka kivulini hadi juani, cha kutafuna kidogo kabla ya usingizi, na chenye harufu ya watu wa nyumbani kwake. Hatua zinazofuata nimezifanya mwenyewe hapa Uyole, Mbeya, kwa ajili ya mbwa wangu Bobi, ambaye ana kilo 22 na hana haraka na jambo lolote.

Kwanza hakikisha ni mvivu, si mgonjwa

Mbwa mzima mwenye afya hulala takribani saa 12 hadi 14 kwa siku, kwa hiyo kulala sana peke yake si dalili mbaya. Katika nyanda zetu za juu, hasa Juni na Julai, mbwa wengi hujikunja usiku kucha kwa baridi na kushinda mchana wakiota jua ukutani. Huyo hana shida.

Shida ipo pale mbwa aliyekuwa mchangamfu anapobadilika ghafla. Inua mdomo wake wa juu uangalie ufizi: ukiwa wa waridi ni vyema, ukiwa umepauka kama karatasi anaweza kuwa na upungufu wa damu, na magonjwa yanayoenezwa na kupe ni miongoni mwa visababishi. Angalia pia kama anainuka kwa kujivuta, kama ameacha chakula, au kama joto la mwili limepita kiwango cha kawaida ambacho ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Ukiona mojawapo ya hayo, mpeleke kwa daktari wa mifugo na uache mdoli kwanza. Usimpe dawa za maumivu za binadamu kama diklofenaki au ibuprofeni, kwani hata kiasi kidogo kinaweza kumwumiza tumbo na figo.

Vifaa utakavyohitaji

- Suruali moja kuukuu ya jinzi nzito isiyovutika. Mguu mmoja unatosha.
- Blanketi jepesi la manyoya, lile ambalo ukilikata halifumuki uzi. Utahitaji kipande cha sentimita 60 kwa 120.
- Fulana ya pamba uliyolala nayo usiku mbili au tatu na ambayo haijafuliwa.
- Uzi mnene wa polista wa kushonea jinzi.
- Sindano ya cherehani namba 16 au 18. Anayeshona kwa mkono atafute sindano nene na subana ya kukinga kidole.
- Mkasi, chaki na futi ya fundi.
- Sabuni ya mche isiyo na manukato.
- Kiganja kimoja cha usipa (samaki wadogo kama dagaa) wakavu wasiotiwa chumvi.
- Kamba ya pamba yenye urefu wa mita 2.

Jinzi na blanketi vyote hupatikana kwenye mitumba. Mimi vyangu nilivitoa soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwenye lundo la nguo zilizochanika ambalo wauzaji hulikata bei kwa furaha. Kwenye uzi, usikubali kushawishiwa kutumia ule wa nailoni wa mafundi viatu kwa sababu ni imara zaidi. Uimara huo ndio hatari yenyewe: uzi mrefu usiokatika, mbwa akiumeza, unaweza kunyooka ndani ya utumbo na kuukata. Kwa sababu hiyohiyo usitumie sweta za kufuma, ambazo zikitoboka hufumuka uzi wa mita nyingi.

Sufi, vipande vya godoro na punje za povu jeupe zisiingie kwenye kazi hii kabisa.

Hatua ya 1: Pima pua ya mbwa

Pima kutoka katikati ya macho hadi ncha ya pua. Zidisha kwa tatu, na hapo utapata urefu wa mdoli. Bobi ana sentimita 10, kwa hiyo mdoli wake una sentimita 30, na unene wake ni kama sentimita 10 hadi 12.

Mdoli mdogo kuliko hapo unaweza kuingia wote kinywani na kukwama kooni. Mkubwa mno nao utaachwa palepale ulipowekwa, kwa kuwa mbwa mvivu hapendi mzigo. Mdoli wangu wa kwanza niliujaza blanketi zima, ukawa na uzito wa karibu kilo moja. Bobi aliufanya mto kwa muda mrefu na hakuwahi kuuinua hata siku moja. Kwa mbwa wa ukubwa wake, gramu 250 hadi 300 zinatosha.

Hatua ya 2: Fua jinzi na blanketi, usiifue fulana

Nguo za mitumba huja na harufu kali ya kuhifadhia, na zilizokaa kabatini zinaweza kuwa na harufu ya nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kuzuia wadudu. Nafthalini ni sumu kwa mbwa. Kitambaa chenye harufu hiyo kiweke kando, tafuta kingine, usijaribu kukiokoa.

Vilivyobaki vifue kwa sabuni ya mche na uvisuuze kwa maji matatu, kisha uvianike juani hadi vikauke kabisa. Kufua kabla ya kukata kunasaidia pia jinzi irudi kama ni ya kurudi, ili mshono usije ukavutika baadaye.

Umefanikiwa ikiwa utaweka kitambaa puani na usisikie sabuni. Ukiisikia wewe, mbwa ataisikia maradufu, na huo ndio mwanzo wa mdoli kukataliwa.

Hatua ya 3: Kata gamba la nje

Mguu wa suruali tayari ni mfuko, na mshono wake wa pembeni umeshonwa kiwandani kwa nguvu ambayo mikono yetu haiifikii. Usiufumue. Tafuta sehemu iliyo chini ya goti ambayo ikilazwa bapa ina upana wa sentimita 18 hadi 20, kisha ukate urefu wa mdoli ukiongeza sentimita 3 kila upande. Kwa Bobi nilikata sentimita 36.

Ondoa lebo, vifungo, zipu na vipini vya chuma. Chunguza kitambaa ukikielekeza kwenye mwanga. Kikionyesha mwanga kama chujio, kimechoka na hakifai.

Hatua ya 4: Tengeneza kiini kimoja kisichotawanyika

Hapa ndipo wengi hukosea, na ndipo hatari kubwa inapoanzia. Mdoli wa dukani umejazwa nyuzinyuzi zilizolegea. Mbwa akitoboa tundu la ukubwa wa sarafu, huvuta nyuzi hizo donge baada ya donge na kumeza nyingine wakati wewe uko jikoni. Dawa yake ni kuwa na kiini ambacho ni kitu kimoja, kikubwa, ambacho hata kikitoka kitatoka kizima na kila mtu atakiona.

Kunja kipande cha blanketi katikati kwa urefu wake ili kiwe na upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 120. Kizungushe kama unavyozungusha mkeka, pasipo kukaza sana. Kata mgongo wa fulana yako na uuzungushe juu ya roli hilo kama ganda la mwisho, kwa sababu harufu inatakiwa iwe karibu na pua, na ikizikwa katikati itachukua muda mrefu kutoka.

Sasa shona kiini hicho. Pitisha sindano upande hadi upande, ukienda kwa urefu wa roli, mistari minne inayotengana kwa usawa. Mishono ya ndani ifungwe vizuri ila isiwe mirefu. Kila mmoja usizidi sentimita 2, ili hata ukikatika usitoe uzi mrefu.

Jaribio la mafanikio ni rahisi: shika kiini kwa ncha moja ukitikise kwa nguvu kama unayekung'uta nguo yenye vumbi. Kisipofunguka wala kudondosha chochote, kiko tayari.

Hatua ya 5: Funga gamba

Geuza mguu wa jinzi ndani nje. Shona ncha moja kwa mistari miwili iliyoachana nusu sentimita, kisha geuza upande wa nje utokee. Ingiza kiini. Usijaze hadi kitambaa kikaze kama mpira. Acha ulegevu wa kushika kwa vidole viwili, kwa kuwa mbwa hupenda kupata mkunjo wa kung'ata, na kitambaa kilichokazwa huchanika upesi.

Kunja ncha ya pili kwa ndani sentimita 3 na uishone kwa mistari mitatu, ukihakikisha sindano inapita kwenye kiini pia ili kisizunguke ndani. Anayeshona kwa mkono atumie mshono wa kurudi nyuma, wenye mishono ya milimita 3 hivi. Cherehani ya nyumbani inaweza kukwama kwenye unene huu. Usiilazimishe, peleka kwa fundi. Fundi wangu aliponiuliza mfuko huu ni wa nini nikamwambia ni wa mbwa kulalia, aliinua macho, akanitazama, akashona, na baadaye akaniuliza kama ninaweza kumpatia kipimo kwa ajili ya mbwa wa shemeji yake.

Masikio, mikia na miguu usiweke. Watoto wangu walidai masikio, nikawaeleza kwamba kila kinachoning'inia ndicho meno huanza nacho. Tulikubaliana kuchora macho mawili kwa mishono mifupi ya uzi uleule, na Bobi hajawahi kuonyesha kwamba anajua yako upande gani.

Mwite mtu mwingine mvutane mdoli kila mmoja kwa ncha yake. Mwanga ukionekana katikati ya mishono, rudia kushona.

Hatua ya 6: Upe mdoli harufu ya nyumbani

Lala na mdoli kitandani usiku mbili, au uuzungushie nguo uliyoshinda nayo. Usiku wa tatu uweke ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na usipa. Wanaotoka Kyela wanajua namna samaki hao wadogo wa Ziwa Nyasa wanavyoweza kuijaza basi zima kwa harufu; kwa mdoli, usiku mmoja unatosha. Walio Iringa au Njombe watumie dagaa wowote wakavu wasio na chumvi.

Asubuhi toa samaki wote na ukung'ute makombo. Usishone chakula ndani ya mdoli kwa matumaini kwamba utapendwa zaidi. Utapendwa, ndiyo, kisha utapasuliwa, kwa sababu utakuwa umemfundisha mbwa kwamba kilicho kizuri kiko ndani.

Hatua ya 7: Mtambulishe mbwa polepole

Kosa la kawaida ni kumsukumia mbwa mdoli usoni. Kwa mbwa, kitu kinachomjia usoni ni usumbufu, na kinachomkimbia ni windo. Hivyo mdoli uondoke kwake, usimfuate.

Chagua saa inayofaa. Hapa Mbeya, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, saa moja asubuhi mwezi wa Julai ni saa ya mbwa kujikunja, wala usitegemee kitu. Mimi hungoja jua lipate nguvu, kuanzia saa tatu, au jioni mnamo saa kumi na moja kabla ya chakula, wakati tumbo lina nafasi.

Siku ya kwanza na ya pili, funga mdoli kwenye kamba na uuburute chini, hatua mbili tatu mbele ya mbwa, kisha simama. Uburute tena, simama. Usimwite. Akigeuza kichwa tu, sema neno moja la kumsifu, kwa mfano "safi", na umpe kipande kidogo cha nyama ndani ya sekunde moja au mbili, ili aelewe anasifiwa kwa lipi. Maliza baada ya dakika tatu, hata kama anaanza kunogewa. Ni bora abaki na hamu.

Kwa Bobi, siku ya kwanza kilichosogea ni sikio la kushoto. Siku ya pili alifungua jicho moja, akaufuata mdoli kwa jicho hilo hadi ukingoni mwa baraza, akashusha pumzi ndefu. Nilikaribia kukata tamaa. Siku ya tatu, nilipoufungua kamba na kuuacha kwenye kivuli cha mparachichi, alisubiri niingie ndani, na kupitia dirishani nikamwona anainuka mguu baada ya mguu, anaunusa ncha zote mbili, anauchukua kwa meno ya mbele kana kwamba ni yai, na kurudi nao palepale alipokuwa amelala.

Kuanzia siku ya tatu hadi ya saba, kwa hiyo, uache mdoli karibu na anapolala na ujifanye huna habari. Dalili za mafanikio ni kuuwekea kidevu, kuubeba anapohama, au kuulamba kabla ya usingizi. Asipofanya lolote baada ya siku saba, rudia Hatua ya 6 kabla ya kulaumu mbwa.

Hatua ya 8: Weka taratibu za matumizi

Wiki mbili za mwanzo mdoli utumike ukiwa unaona, na ukitoka uondoe. Mbwa mvivu si lazima awe na meno mavivu. Wapo wanaolala mchana kutwa na kufanya uharibifu wote katika robo saa ya usiku.

Mfundishe kuachia kwa kubadilishana. Mwoneshe kipande cha nyama, sema "toa", akiachia mpe nyama, kisha mrudishie mdoli. Kumrudishia ndiko kunakomfundisha kwamba kuachia si kunyang'anywa. Ukimpokonya kila mara ataanza kuulinda, na utaona mwili ukikakamaa, akila haraka au akinguruma mtu anapokaribia. Kunguruma usikuadhibu, kwa sababu mbwa aliyekatazwa kunguruma huuma bila taarifa.

Watoto wasimwondolee mbwa mdoli aliolala nao, na wala wasimlalie mbwa mwenyewe. Jambo hili halina mjadala nyumbani kwangu. Penye mbwa wawili, shona midoli miwili na uwape mbali kwa mbali.

Hatua ya 9: Kagua na ufue bila kuua harufu

Kila Jumamosi pitisha vidole kwenye mishono. Penye uzi uliochomoza, ukate karibu kabisa na kitambaa na ushone upya. Penye tundu, mdoli utolewe mara moja hadi utengenezwe.

Fua kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa kuwa mdoli wa mbwa mwenye viroboto huwa makao ya mayai yao. Tumia maji ya moto ya nyuzi 60 na sabuni ya mche, suuza mara tatu, na usitie dawa ya kung'arisha yenye klorini wala ya kulainisha nguo yenye manukato. Anika juani hadi kiini kikauke, jambo ambalo kwa walio Tukuyu wakati wa mvua linaweza kuchukua siku kadhaa. Kiini chenye unyevu huota ukungu kabla gamba halijaonyesha chochote.

Ili mbwa asiususie, shona midoli miwili na usiifue siku moja. Ule uliofuliwa ukikauka, uufunge pamoja na ule ambao haujafuliwa ndani ya mfuko kwa usiku mmoja, ndipo umrudishie. Hili ndilo jibu kwa yule wa tatu niliyemtaja mwanzoni.

Akimeza kitambaa au uzi

Kutapika kunakojirudia, kukataa chakula, kutopata choo, kujikamua bila kutoa kitu, au tumbo kuuma ukiligusa ni dalili za utumbo kuziba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, ukibeba mabaki ya mdoli ili ajue kinachokosekana. Usimnyweshe maji ya chumvi wala mafuta ili atapike. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au njia ya haja, usiuvute hata kama unaonekana mfupi, maana ncha yake nyingine inaweza kuwa imenasa ndani.

Mdoli ukizeeka

Jinzi nzuri kwa mbwa mtulivu huvumilia miezi mingi, lakini siku itafika ambapo kitambaa chenyewe kitakuwa kimelegea na kushona hakusaidii. Usiutupe kabla ya kutengeneza mwingine. Usiufue kwa wiki mbili za mwisho, kisha kata kutoka kwenye gamba lake kiraka cha ukubwa wa kiganja, mahali alipozoea kuweka kidevu, na ukishone kwa ndani ya gamba jipya kwa pande zote nne. Bobi sasa yuko kwenye mdoli wa tatu. Aliunusa nilipouweka chini, akapata anachokijua, na akalala juu yake kabla sijamaliza kukusanya mkasi na uzi.